Paa, Ukuta na Kivuli: Makazi ya Jadi na Joto la Shinyanga na Geita

Nyumba ya jadi ya Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita hutajwa siku hizi kwa namna mbili zinazopingana: wapo wanaoiona kuwa alama ya ufukara ambayo bati na saruji vimekuja kuifuta, na wapo wanaoisifu kuwa hekima ya wahenga iliyotupwa bila sababu. Kauli zote mbili zina kasoro moja, nayo ni kuitazama nyumba kama jengo moja linalojitegemea, ilhali kwa Wasukuma na majirani zao Wasumbwa, Wazinza na Wanyamwezi, makazi yalikuwa kaya nzima, yaani mkusanyiko wa nyumba kadhaa, zizi, vihenge, jiko, uwanja na miti, vyote vikizungukwa na ua. Ubaridi uliopatikana humo ulitokana na jinsi kazi zilivyogawanywa kati ya majengo, vivuli na saa za siku. Joto linalowasumbua wakazi wa leo limeletwa zaidi na kuvunjika kwa mgawanyo huo kuliko na bati peke yake, ingawa bati nalo, kama itakavyoonekana, halina udhuru.

Kabla ya kuzungumzia ujenzi ni lazima lieleweke ni joto la aina gani linalozungumziwa. Mji wa Shinyanga uko takriban nyuzi tatu na nusu kusini ya ikweta, kwenye uwanda wenye kimo cha mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na mkoa hupata mvua ya kati ya milimita 600 na 900 kwa mwaka, inayoanza Oktoba au Novemba na kukoma Mei. Geita, iliyo karibu zaidi na Ziwa Victoria, hupata mvua nyingi kuliko hiyo. Mchana wa kiangazi hupita nyuzi joto 30 mara kwa mara, lakini anga likiwa halina mawingu ardhi hupoteza joto upesi baada ya magharibi, na usiku wa Juni na Julai kipimo kinaweza kushuka hadi karibu nyuzi 15. Hili ni joto la nchi kavu, lenye pengo kubwa kati ya mchana na usiku, na ni tofauti kabisa na joto la pwani, ambako unyevu wa bahari hulifanya jasho lisikauke na usiku usilete nafuu. Nyumba nzuri ya Mtwara au Tanga hutafuta upepo saa zote ishirini na nne. Nyumba nzuri ya Shinyanga hutafuta kuuweka ndani ubaridi wa usiku hadi alasiri inayofuata. Mafundi na wachoraji ramani wanaochanganya hali hizi mbili, wakidhani kwamba joto ni joto, ndio chanzo cha makosa mengi.

Jambo la pili ni njia ya jua. Kwa sababu ya ukaribu wa ikweta, jua la adhuhuri katika Shinyanga hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 10 Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, na mara hii ya pili huangukia msimu mkali kuliko yote, wakati mvua inasubiriwa na majani yamekauka. Katika siku hizo ukuta haupati jua la adhuhuri hata kidogo, na mzigo wote huangukia paa. Katika nchi za mbali na ikweta mjenzi hujadili zaidi upande ambao dirisha litaelekea. Hapa suala la kwanza, na pengine la pili na la tatu, ni paa.

Aina za paa zilizopatikana katika eneo hili na pembezoni mwake hufuata mvua kwa namna inayosomeka wazi kwenye ramani. Magharibi, kuelekea Uhaya, ambako mvua ni nyingi, ilijengwa mushonge, nyumba ya duara ambayo nyasi zake hushuka kutoka kileleni hadi chini, kiasi kwamba paa na ukuta ni kitu kimoja. Katikati, yaani sehemu kubwa ya Usukuma, ilijengwa nyumba ya msonge yenye ukuta wa udongo wa duara na paa la nyasi lenye umbo la pia, ambalo mteremko wake ni mkali kwa sababu nyasi humwaga maji vizuri pale tu zinapolala kwa pembe ya nyuzi 45 au zaidi. Paa likilala mno, maji huzama na nyasi huoza. Kusini na mashariki, kuelekea Singida na Ugogo ambako mvua ni chache, lilitawala tembe, nyumba ya pembe nne yenye paa bapa la magogo, fito na tabaka nene la udongo ulioshindiliwa. Tembe liliwafaa pia wafanyabiashara wa misafara kutoka pwani: huko Kwihara, karibu na Tabora, wasafiri Livingstone na Stanley walikaa pamoja mwaka 1872 ndani ya tembe, jengo la kuta nene ambalo linaonyesha jinsi watu wa pwani walivyoazima ufundi wa bara badala ya kuleta wao.

Kwa kipimo cha joto peke yake, tembe ndilo bora kuliko yote, kwa kuwa juu na pembeni kote mna udongo. Kilichozuia lisienee kote ni mvua: paa bapa la udongo haliwezi kustahimili masika ya Geita. Kwa hiyo msonge wa Wasukuma unafaa kueleweka kuwa suluhu ya nchi ya kati, ambako mvua ni nyingi mno kwa paa la udongo na jua ni kali mno kwa ukuta wa majani.

Msonge wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu. Mjenzi alichagua kwanza mahali, na uchaguzi huo ulitegemea elimu ya udongo ambayo kila mkulima wa Usukuma alikuwa nayo. Nchi hii ina vilima vya mawe ambavyo miteremko yake hubadilika udongo kwa mpangilio ule ule kila mahali: juu mna udongo wa kichanga unaoitwa luseni, chini zaidi mna ibambasi, udongo mgumu usiopitisha maji, na bondeni kabisa mna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa pana ukikauka. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne aliuandikia ulimwengu wa sayansi juu ya mipangilio ya namna hiyo ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1930, lakini Wasukuma walikuwa wameshaipa kila hatua jina na kazi yake. Nyumba haikujengwa mbugani, kwa maana ardhi inayovimba na kusinyaa hupasua ukuta wowote; ilijengwa juu, kwenye luseni, ambako maji hutiririka na upepo wa jioni hupita. Nyumba za tofali zenye nyufa zilizojengwa miaka ya karibuni kwenye viwanja vya bondeni vilivyopimwa mijini zinaonyesha kwamba elimu hiyo haikuingia katika ofisi za ardhi.

Duara lilichorwa kwa kigingi na kamba, mtaro ukachimbwa, nguzo za miti migumu zikasimikwa, fito zikafungwa pande zote, kisha ukuta ukakandikwa. Udongo uliopendwa ni wa kichuguu, ambao mchwa wameshausaga na kuugandisha, ukachanganywa na samadi ya ng'ombe ambayo nyuzi zake huzuia nyufa. Umbo la duara lina faida inayohesabika: nyumba ya duara yenye upana wa mita 6 ina eneo la mita za mraba 28 hivi na ukuta wa urefu wa mita 18.9, ilhali nyumba ya mraba yenye eneo hilo hilo huhitaji ukuta wa mita 21.3. Ukuta mfupi kwa zaidi ya asilimia 10 ni udongo mchache wa kubeba, na pia ni uso mdogo wa kupokea jua la asubuhi na la alasiri. Katika nyumba kubwa ulijengwa ukuta wa pili ndani ya ule wa kwanza, na nafasi iliyobaki kati yake ikawa mahali pa ndama na mbuzi usiku au pa kuweka vyombo. Chumba cha ndani kikawa kimefunikwa na koti la hewa ambalo jua halikuligusa.

Kazi ya ukuta huo ni kuchelewesha joto. Udongo mzito hupokea joto polepole na kulipitisha polepole, kwa hiyo joto la nje la saa nane mchana hufika upande wa ndani baada ya saa kadhaa, kati ya tano na nane kulingana na unene, wakati hewa ya nje imeshaanza kupoa. Sifa hii, inayoitwa na wahandisi uzito wa joto, ina maana pale tu usiku unapokuwa wa baridi kiasi cha kuupoza ukuta tena kabla ya alfajiri, na ndiyo sababu inafanya kazi Shinyanga na haifanyi vizuri Dar es Salaam. Paa lilikuwa na kazi nyingine, nayo ni kuzuia. Nyasi zilizopangwa kwa unene wa sentimita 20 hushika hewa isiyotembea katikati ya mabua yake, na hewa iliyotulia ni kizuizi kizuri sana cha joto. Upenu, yaani ukingo wa paa unaoning'inia nje ya ukuta, ulishuka chini sana, wakati mwingine hadi mtu mzima akainama ili aingie, na kivuli chake kiliufunika ukuta karibu wote huku kikiukinga na mvua ambayo ingeuyeyusha.

Madirisha hayakuwapo, au yalikuwa tundu tu chini ya upenu. Wamisionari na maofisa wa afya wa kikoloni waliliona hilo kuwa ujinga, na maoni yao yamerithiwa na vitabu vya shule. Kwa nchi yenye mchana wa vumbi na joto, tundu dogo ni uamuzi wenye mantiki: hewa ya moto haiingii, mwanga mkali hauingii, fisi na mwizi wa ng'ombe hawaingii. Isitoshe, mtu hakukusudiwa kukaa ndani mchana, na hapa ndipo kaya inapoingia katika maelezo, kwa sababu bila kaya msonge ungekuwa pango tu.

Kaya ya Kisukuma ilizungukwa na ua wa minyaa, mmea wenye utomvu mweupe usioliwa na mifugo, usiohitaji maji, na unaochipua tena ukikatwa. Ua huo ulikuwa kinga ya mifugo, lakini ulifanya kazi nyingine pia: ulivunja nguvu ya upepo wa kiangazi na kuchuja vumbi lake, hivi kwamba uwanja wa ndani ulikuwa mtulivu kuliko shamba lililo nje. Ndani yake kila mke alikuwa na nyumba yake, zizi la ng'ombe lilikuwa mahali ambapo linaonekana na kila mlango, na vihenge vya nafaka vilisimama juu ya mawe au magogo ili mchwa na unyevu visivifikie. Asubuhi kazi zilifanyika upande uliokuwa na kivuli cha nyumba, mchana watu walihamia chini ya mti, na jioni wanaume na vijana walikusanyika shikomeni, mahali pa moto wa nje ambapo habari za ukoo, mifugo na mila zilisimuliwa. Chakula kilipikwa nje au katika jiko la pembeni wakati wa kiangazi, na mtungi wa maji uliwekwa kivulini, ambako maji yanayopenya vinyweleo vya udongo na kukauka hubeba joto na kuyaacha yaliyobaki baridi, hasa katika hewa kavu ya Septemba. Nyumba ilibaki kwa ajili ya usiku, wagonjwa, wazazi wapya na akiba. Kwa muhtasari wa kihandisi, makazi haya yalikuwa na vyumba vingi vya mchana visivyo na kuta na chumba kimoja cha usiku kisicho na dirisha.

Ingekuwa udanganyifu kuacha kutaja gharama za mfumo huu. Moto uliowashwa ndani wakati wa masika ulijaza moshi uliodhuru macho na mapafu ya wanawake na watoto, japo masizi yake yalizipaka nyasi na fito na kuwafukuza wadudu, kiasi kwamba jiko lilipohamishwa nje kwa ajili ya afya paa likaanza kuoza na kuliwa mapema. Nyufa za sakafu na kuta za udongo zilikuwa maficho ya papasi, kupe laini wanaoeneza homa ya vipindi, ugonjwa uliojulikana sana katika nchi za tembe. Mwanya kati ya ukuta na paa ulipitisha hewa na mbu kwa pamoja, katika eneo ambalo malaria haijawahi kuwa jambo dogo. Nyasi ziliwaka moto. Mchwa walikula nguzo. Kila baada ya miaka michache paa lilidai kuezekwa upya, na kazi hiyo ilihitaji jirani, nyasi na muda, vitu vitatu ambavyo vyote vimepungua.

Udhaifu mkubwa zaidi ulidhihirika usiku wa tarehe 3 Machi 2015 katika kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama, pale mvua kubwa ya mawe iliyoandamana na upepo ilipobomoa nyumba na kuwaua watu zaidi ya 40, wengi wao wakiwa wamelala. Nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za udongo. Tukio hilo linatajwa mara nyingi kama hukumu juu ya ujenzi wa jadi, lakini linadai usomaji wa makini zaidi: ukuta wa tofali mbichi uliosimama wima, wenye pembe nne, upenu mfupi na bati jepesi juu yake, umepoteza karibu kila kitu kilichoulinda ukuta wa msonge, yaani nguzo za ndani, umbo la duara na paa refu la kuufunika. Nyumba ya namna hiyo si ya jadi wala ya kisasa. Imechukua udongo kutoka upande mmoja na bati kutoka upande mwingine, ikaacha kinga za pande zote mbili.

Jinsi nyumba hii ya katikati ilivyozaliwa ni historia ya karne moja. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni, ikiongozwa katika suala hili na C. F. M. Swynnerton aliyeendesha utafiti wa mbung'o huko Shinyanga, iliwahamasisha watemi kukusanya watu wafyeke misitu ili kuangamiza maficho ya mdudu huyo anayeua ng'ombe. Mbung'o walipungua, ng'ombe wakaongezeka, na miti ya nguzo na fito ikatoweka kwa maili nyingi. Baada ya vita vya pili vya dunia pamba ikachukua mahali pa pori lililobaki, na familia nyingi zikahamia magharibi hadi Geita kutafuta ardhi. Fedha ya pamba, iliyouzwa kupitia Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria lililoanzishwa mwaka 1955 na kuongozwa na Paul Bomani, ndiyo iliyonunua bati la kwanza katika vijiji vingi, na bati likawa ushahidi unaoonekana barabarani kwamba mwenye nyumba ni mkulima hodari.

Pigo lililoibadili kaya lilikuja mwaka 1974, wakati Operesheni Vijiji ilipotekelezwa mkoani Shinyanga, kufuatia agizo la Novemba 1973 kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Familia zilihamishwa kutoka kwenye miinuko yao ya luseni na kupangwa kwa mistari kando ya barabara, katika viwanja ambavyo havikuwa na ua wa minyaa, mti wa kivuli, wala nafasi ya nyumba kadhaa. Wengi walirudi polepole kwenye mashamba yao katika miaka ya 1980, lakini nyumba ya pembe nne, iliyohimizwa na kampeni za nyumba bora, ilikuwa imeshashinda. Ieleweke kwamba ushindi wake ulikuwa na sababu za haki: kitanda, kabati na meza havikai vizuri kwenye ukuta wa duara, na chumba cha pembe nne hugawanyika kwa urahisi. Kilichopotea kimyakimya ni vyumba vya nje, kwa sababu hakuna ramani iliyovihesabu kuwa vyumba.

Dhahabu ilikamilisha mabadiliko. Almasi ya Mwadui, iliyogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, ilikuwa imeshaleta mji wa kampuni wenye nyumba za baraza na dari, lakini ulikuwa mji uliofungwa. Mgodi mkubwa wa Geita ulioanza mwaka 2000, ule wa Bulyanhulu uliofuata mwaka 2001, Buzwagi uliofanya kazi kuanzia 2009 hadi 2021, na zaidi ya yote maelfu ya wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na kwingineko, vimeunda miji inayokua haraka kuliko nyasi zinavyoweza kuota. Sensa ya 2022 iliukuta Mkoa wa Geita, ulioanzishwa miaka 10 tu kabla yake, ukiwa na karibu watu milioni 3. Katika machimbo yenyewe makazi ya kwanza ni turubai juu ya fito, ambayo mchana hayakaliki. Miti inayofaa nguzo hushindaniwa na matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta za mashimo ya machimbo zisiporomoke, na kuni za tanuri la tofali za kuchoma. Tofali hizo ni imara, lakini kila tanuri ni sehemu ya kichaka ambacho kingetoa kivuli.

Dhahabu imeleta pia jambo ambalo wachambuzi wa majengo hawalitaji: imepindua saa. Mchimbaji wa zamu ya usiku hulala mchana, saa ambazo chumba chini ya bati ni kibaya kuliko vyote. Mama lishe, fundi simu na mwenye duka hufanya kazi ndani au barazani chini ya bati lile lile. Mwanafunzi hukaa darasani hadi alasiri chini ya paa lisilo na dari. Kaya ya zamani iliwatoa watu nje mchana. Uchumi wa miji ya Katoro na Kahama unawaingiza ndani. Kwa hiyo nyumba ya leo inabeba mzigo ambao msonge haukubeba kamwe.

Bati la geji 30 lina unene wa takriban milimita 0.3, na chuma hupitisha joto mara mamia zaidi ya nyasi. Jua la utosini likilipiga, uso wake unaweza kupita nyuzi 60, na ndani ya dakika chache upande wa chini nao uko hivyo hivyo. Joto linalomfikia mtu aliye chini yake haliji kwa hewa pekee; bati la moto humulika mionzi ya joto kuelekea chini, kama jiko lililoning'inizwa juu ya kichwa, ndiyo maana kufungua dirisha kunasaidia kidogo tu. Bati jipya jeupe hurudisha sehemu ya mwanga wa jua, lakini likipata kutu, au likinunuliwa la msauzi lenye rangi ya maruni, kahawia au kijani iliyokolea kama zinavyopendwa sasa, hunyonya zaidi. Usiku hali hugeuka: bati hupoa upesi kuliko nyasi, na mtu aliyekuwa akitoka jasho saa tisa alasiri hujifunika blanketi saa tisa usiku. Kuta za tofali za kuchoma zinaweza kufanya kazi ile ile ya ukuta wa udongo, lakini juhudi yake hupotea kwa kuwa joto huingia kwa juu.

Kurudi kwenye nyasi kwa wingi hakuwezekani, na wanaolipendekeza hilo hawajajaribu kununua nyasi za kuezekea katika wilaya yenye ng'ombe wengi kama Kishapu. Linalowezekana limeonyeshwa kwa sehemu na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ambao uliufufua utaratibu wa Kisukuma wa ngitili, yaani kutenga eneo la malisho na miti lisiguswe wakati wa mvua ili litumike kiangazi. Zaidi ya hekta 300,000 zilirejeshwa katika vijiji 833, na pamoja na malisho, ngitili zilitoa nguzo, fito na nyasi za kuezekea. Mradi huo husifiwa kama habari ya mazingira na tuzo yake ya Equator ya 2002 hutajwa kila mara, lakini ni vigumu kupata sera ya nyumba inayouhesabu kuwa chanzo cha vifaa vya ujenzi.

Upande wa kuta, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, mrithi wa kitengo cha utafiti kilichoanzishwa mapema miaka ya 1970, umeeneza tofali za kufungamana, zinazoshindiliwa kwa mashine ya mkono kutokana na udongo na saruji kidogo, bila kuchomwa. Kwa Shinyanga hizi ndizo zinazokaribia zaidi ukuta wa jadi: ni nzito, hazili kuni, na mvua haiziyeyushi. Kwa upande mwingine, nyumba za majaribio zilizojengwa Magoda mkoani Tanga na baadaye Mtwara, zenye kuta nyepesi zinazopitisha upepo na vyumba vya kulala ghorofani mbali na mbu, zimepata sifa zinazostahili, ila zilibuniwa kwa ajili ya pwani. Kuzinakili Shinyanga kungekuwa kurudia kosa lile la kudhani kwamba joto ni joto. Kinachofaa kuchukuliwa kutoka kwa nyumba hizo ni nyavu za waya kwenye kila tundu, jambo ambalo msonge haukuwa nalo.

Lakini ukuta si mahali pa kuanzia. Hatua yenye faida kubwa kwa fedha ndogo ni dari, kwa kuwa hukata mionzi ya bati na kuacha tabaka la hewa katikati, kazi ile ile iliyofanywa na unene wa nyasi. Si lazima iwe jipsamu ya mapambo. Hata mkeka ulionyooshwa vizuri chini ya kenchi hupunguza makali. Masharti ni mawili: hewa iliyonaswa juu yake ipate matundu ya kutokea kwenye kuta za pembe tatu za pande mbili, na matundu hayo yazibwe kwa wavu, la sivyo popo watahamia humo na harufu yao itamfanya mwenye nyumba aing'oe dari mwenyewe. Baada ya dari huja upenu wa kutosha, hasa mashariki na magharibi, kisha bati la rangi ya mwanga, kisha miti. Mwarobaini na mjohoro hukua katika ukame wa Shinyanga bila kubembelezwa, na mti uliopandwa upande wa magharibi hukinga jua la alasiri, ambalo ndilo hukuta ukuta umeshachoka.

Baraza pana lenye paa lake, jiko la nje lenye kivuli na uwanja uliozungushiwa ua havina budi kuingia katika michoro ya halmashauri kwa vipimo kama vyumba vingine, na viwanja vinavyopimwa katika miji ya madini viwe na nafasi ya mti mmoja angalau. Nyumba za walimu na madarasa yanayojengwa kwa fedha za umma au za migodi yasipokelewe kutoka kwa mkandarasi kabla dari haijapigwa. Na kwa mwenye nyumba wa Kahama au Katoro ambaye amekwisha kuezeka na fedha iliyobaki inatosha jambo moja tu, apige dari kabla ya kununua vigae vya sakafu na kabla ya lipu ya nje.